Ombi la Kumfutia Mume Wangu Cheti cha Kuchora Visanduku

Kwa Mkuu wa Chuo cha Kompyuta, Madarasa ya Jioni,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Kuhusu: Cheti namba 43, alichopewa mume wangu

Pokea salamu zangu, na uniwie radhi kwa urefu wa barua hii. Mimi ni mke wa yule mwanafunzi wenu mwenye mvi, aliyekuwa akikaa mstari wa mbele karibu na feni, akiuliza maswali mpaka wenzake wanaanza kukusanya madaftari. Kazi yangu ni ufundi cherehani. Nashona nyumbani, sare za shule na mashuka, na sina ugomvi wowote na elimu. Wanangu wote wamesoma kwa cherehani hiyo hiyo.

Naandika kwa kompyuta ya mume wangu mwenyewe, asubuhi hii, akiwa amekwenda kliniki ya macho. Natumia kidole kimoja. Binti yangu ndiye aliyenionyesha pa kubonyeza kabla hajaenda chuoni kwake. Kompyuta inapiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno ninaloandika, nami nachukulia kwamba hata yenyewe imeuona uzito wa jambo.

Ili nisionekane namsingizia mtu, nianze na chanzo. Mume wangu alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro kwa miaka thelathini na mmoja. Mwaka jana alistaafu. Siku ya kumuaga, meneja alirusha ukutani kwa projekta chati ya kiwanda kizima, visanduku vya buluu juu ya visanduku vya kijani, na mistari inashuka kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo. Mume wangu alivuta kiti mbele, akavaa miwani, akaitafuta stoo. Stoo haikuwepo. Chini kabisa palikuwa na kisanduku kimoja kimeandikwa Wengineo. Alipiga makofi kama watu wengine, akapokea saa ya ukutani, tukarudi nyumbani, na kwa wiki mbili hakusema neno la maana. Wiki ya tatu akajiandikisha kwenu. Nilifurahi, mheshimiwa. Nilimpigia pasi shati la kuendea darasani.

Sasa yamenifika shingoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chati yenyewe. Jumapili ya kwanza baada ya kupata cheti, mzee aliita kikao cha familia. Projekta aliazima kwa jirani anayeonyeshaga mpira. Ukuta wetu una nyufa, kwa hiyo alitwaa shuka jeupe, jipya, la mteja, akalipigilia ukutani kwa misumari. Misumari, mheshimiwa. Akafunga mapazia, na hapo kwenye shuka ikatokea nyumba yangu, imekatwa vipande vipande kama kitambaa cha suruali. Juu kabisa alikuwa yeye, Mkurugenzi Mkuu. Chini walikuwa watoto, kila mmoja na idara yake. Nikatafuta kisanduku changu. Sikuwa juu, sikuwa chini. Nilikuwa pembeni, ubavuni pake, nimening'inizwa kwenye kijistari kifupi kama kitasa cha mlango, na chini ya jina langu pameandikwa: Msaidizi.

Tuna miaka thelathini na minne ya ndoa. Katika miaka hiyo nimeitwa mama, nimeitwa bibi, nimeitwa fundi, na siku za hasira nimeitwa mengine ambayo hayafai kuandikwa kwa mkuu wa chuo. Msaidizi sijawahi kuitwa. Niliumia, tena sana. Nilinyanyuka nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa tayari safi. Mzee alinifuata mpaka mlangoni, na kijiti chake cha kuonyeshea mkononi, akafungua mdomo aseme kitu. Nikafungua bomba.

2. Mbwembwe. Nasikia ninyi ndio mliomfundisha kwamba kisanduku si lazima kitokee kimya kimya kama kitu chenye adabu. Kinaweza kuingia kwa kuruka, kwa kuzunguka, na kwa sauti ya makofi. Mama mkwe wangu ana miaka themanini na miwili. Kisanduku cha kwanza kilipomjia kutoka kushoto, aliinama akakikwepa. Cha pili alikiinulia fimbo. Majirani waliposikia makofi walidhani kuna sherehe, wakaja na viti vyao.

3. Mama mkwe. Huyu amepewa kisanduku cha peke yake, Bodi ya Ushauri, chenye mstari wa nukta nukta unaomgusa kila mtu ndani ya nyumba. Katika kazi yangu, mstari wa namna hiyo tunauita bandi. Unashikiza nguo kwa muda, na ukishamaliza kushona unaung'oa. Nilimweleza mzee hivyo, akasema bandi hii ni ya kudumu. Zamani mama mkwe alikuwa akinishauri akikumbuka. Siku hizi ananishauri kwa cheo. Anadai taarifa kila robo, na robo yake yeye ni ule muda wa kutoka chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Juzi alikataa taarifa yangu kuhusu maharage kwa sababu haikuwa na mapendekezo.

4. Sabuni. Kijana wangu wa kwanza ni dereva wa lori la masafa marefu. Nyumbani anaonekana mara mbili kwa mwezi. Kwenye chati yeye ndiye Meneja wa Ugavi, kwa sababu kisanduku hicho kilibaki na yeye alikuwa hajapewa kitu. Sabuni ilipoisha Jumatatu, binti yangu, ambaye ni Idara ya Usafi, alimwandikia kaka yake ombi kwenye simu. Kaka yake alikuwa njiani, amepakia saruji, na mtandao haushiki. Ombi lilimfikia Jumatano. Akauliza kwa nini halijapitia kwa Msaidizi. Halikupitia kwa Msaidizi kwa sababu Msaidizi, yaani mimi, alikuwa dukani ananunua sabuni. Nilipofika nayo mlangoni, mzee akaniambia kwa upole kwamba sabuni hiyo haitambuliki. Ilikaa juu ya kabati siku mbili ikingoja kutambulika, na sisi tukafua kwa maji matupu.

5. Kisanduku kitupu. Hili nakuomba ulisome ukiwa umekaa. Wakati wa kuchora, mume wangu alibonyeza mara mbili mahali pa mara moja, kikachipuka kisanduku cha ziada chenye maneno ya kompyuta yenyewe: Andika Hapa. Kila akijaribu kukifuta, chati nzima inasinyaa na watoto wanahamia upande wa mama mkwe. Basi akakiacha. Mtu mwingine angeona ni kosa. Familia yangu iliona ni nafasi ya kazi. Bodi ya Ushauri ikatamka kwamba nyumba haiwezi kwenda na kiti kitupu. Kwa wiki nzima kila kilichoharibika kilipelekwa kwa Andika Hapa: bomba linalovuja, komeo la choo, pasi inayopiga shoti. Nikiuliza bomba litatengenezwa lini, naambiwa mhusika hajateuliwa.

Jirani yetu mmoja ni fundi baiskeli, na siku hizi hapati kazi. Akaleta barua ya maombi, pamoja na majina ya wadhamini wawili, mmoja wao mkewe. Alisailiwa sebuleni kwangu na jopo la watu watatu. Chai ya jopo nilichemsha mimi, na ulipofika wakati wa kujadiliana nikaombwa nipishe. Akapata. Sasa anafika kila siku saa mbili kamili asubuhi, amechomekea shati, anakaa kwenye kiti cha mgeni, anakula chakula cha mchana, na saa kumi anaaga. Nilipomuuliza kazi yake hasa ni ipi, alinijibu kwa heshima zote, akiniita shemeji, kwamba mimi siko kwenye mstari wake. Bomba bado linavuja.

6. Mtaa mzima umeambukizwa. Kinyozi wa kwenye kona ana kiti kimoja na kioo kimoja. Mume wangu amemchorea visanduku vitano, vyote vina jina la kinyozi. Mteja akilalamika amekatwa vibaya, kinyozi anamwomba asubiri alifikishe jambo kwa meneja. Anageuka, anajitazama kwenye kioo, anatikisa kichwa, kisha anamrudia mteja kumwambia kwamba kwa bahati mbaya meneja amekataa.

Halafu kuna harusi ya binti wa yule jirani wa projekta. Kamati ilimwomba mzee chati, naye akawajengea ghorofa nne: mwenyekiti, makamu, katibu, kamati ndogo ya viti, kamati ndogo ya maturubai, na kamati ya kuratibu kamati. Siku ya kuionyesha, mtu mmoja aliyekaa nyuma akauliza bibi harusi yuko kisanduku kipi. Watu wakatafuta. Hakuwepo, wala bwana harusi hakuwepo. Mzee akabonyeza, ikaja slaidi ya pili, na hapo ndipo walipokuwa, wawili peke yao, chini ya kichwa kinachosema Wengineo.

Nilimtazama mume wangu usoni. Namfahamu. Alishtuka, akashusha macho, nikajua amekumbuka siku ile ya magodoro. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi, na kompyuta nayo ilikuwa inapiga makofi, basi akaendelea kubonyeza.

7. Tathmini. Hili ndilo lililonimaliza. Jumatatu wiki hii nilikuwa na sare arobaini za kumaliza, mzee akaniwekea karatasi juu ya cherehani. Tathmini ya utendaji wa Msaidizi. Ushonaji, tano kwa tano. Usafi, nne. Mapishi, nne na nusu. Mawasiliano, mbili kwa tano, kwa sababu, nanukuu, huitwa mara tatu bila kuitika. Mheshimiwa, siitiki kwa sababu cherehani ina kelele. Na pia siitiki kwa sababu anayeniita yuko chumba hicho hicho na namwona.

Chini ya karatasi palikuwa na nafasi ya maoni ya mfanyakazi. Nikachukua chaki ya kuchorea nguo, nikaandika: Naacha kazi.

Nilitegemea atacheka. Asipocheka, nilitegemea atasema usiende. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akafikicha macho, akasema kwamba taratibu zinataka notisi ya mwezi mmoja. Mwezi mmoja! Nimefungua skrubu za cherehani mezani, zote nne, nimezifunga kwenye leso. Begi liko nyuma ya mlango. Jumamosi naenda kwa dada yangu, na sitaacha anwani kwa idara yoyote.

Kwa sababu hizo, naomba chuo chako kifanye yafuatayo kabla ya Jumamosi. Kifute cheti namba 43. Kimtume mwalimu mwenyewe, yule mwenye tai, aje afute visanduku mbele ya wote waliovishuhudia, kimoja kimoja na bila makofi. Fundi baiskeli aandikiwe barua ya shukrani ili arudi kwenye baiskeli zake akiwa na heshima yake. Nimesikia pia kwamba mume wangu amejiandikisha kwa Hatua ya Pili, inayoanza Jumatatu na kuchukua wiki nne. Hatua ya Kwanza imenigeuza kitasa, sijui Hatua ya Pili itanigeuza nini. Jina lake likatwe. Na kama chuo kina utaratibu wa kumrudisha mwanafunzi jinsi alivyokuwa siku alipopokelewa, naomba nirudishiwe huyo. Alikuwa mkimya na alikuwa na huzuni, lakini nilikuwa najua nakaa wapi kwake.

Nisalimie yule katibu wenu anayepokea simu kwa sauti nzuri, mlinzi wa mlangoni ambaye mume wangu humsifu, mwenye duka la rangi hapo chini, na wanafunzi wote, hasa waliooa. Mwalimu mwenye tai nitamsalimia atakapokuja.

Wako katika kusubiri utekelezaji,

Mke wa mwanafunzi namba 43
(Fundi Cherehani, cheo kingine chochote sikitambui)

Tanbihi: Mheshimiwa, barua ilikuwa imekwisha. Nilikuwa natafuta pa kuihifadhi, kompyuta ikanifungulia faili za mzee. Ziko thelathini na nane, na zote zinaitwa Nyumbani, ya kwanza mpaka ya thelathini na nane. Ile tuliyorushiwa kwenye shuka ndiyo ya mwisho. Kidole kikanivuta nikafungua ya kwanza.

Ina visanduku viwili tu, chake na changu. Unaona kabisa kwamba alitaka viwe bega kwa bega, lakini changu kimeteleza kimeenda chini. Ya pili, changu kiko juu na chake ndicho kimeteleza. Ya tano ameandika majina yote mawili ndani ya kisanduku kimoja, herufi zikawa ndogo kama sisimizi. Ya kumi na moja ameachana na visanduku vya kompyuta akachora changu mwenyewe kwa kipanya, kimepinda, mistari yote ikakatika na mama yake akabaki anaelea peke yake juu ya jina la kampuni iliyotengeneza programu. Chini ya ile ya ishirini na tisa, pale pa kuandikia maelezo, pana maneno yake: Kumuuliza mwalimu. Nataka wawili juu, sawasawa. Kila nikimpandisha mmoja, mwingine anashuka. Chini yake ameongeza, nadhani siku nyingine: Mwalimu kasema shirika lina mkuu mmoja tu. Nijaribu tena. Na chini ya ile ya thelathini na nane: Kisanduku cha Msaidizi peke yake ndicho kinachokubali kukaa ubavuni. Neno lenyewe silipendi, ila ndivyo kompyuta inavyokiita. Nitamweleza baada ya kikao.

Hakunieleza. Nilikuwa jikoni nimefungua bomba.

Kwa hiyo malalamiko ya kwanza mpaka ya saba nayaondoa, isipokuwa misumari kwenye shuka la mteja, na fundi baiskeli. Cheti kiacheni. Jina lake kwenye Hatua ya Pili liacheni pia. Nimehesabu kwa vidole: wiki nne za masomo, na notisi ya mwezi mmoja. Sasa ndiyo naelewa ule mwezi aliutaka wa nini.

Nimejaribu na mimi mwenyewe, mheshimiwa, karibu saa nzima. Nampandisha, nashuka. Napanda, anashuka. Nimefanikiwa tu kuchipusha Andika Hapa wengine wawili, na tafadhali fundi baiskeli asisikie. Cherehani nimeirudisha mezani, skrubu zote nne. Naomba na mimi niandikishwe Jumatatu, kiti cha mstari wa mbele karibu na feni, kando ya chake. Na mwalimu mwenye tai ajiandae, kwa sababu sasa maswali yatatoka kwa watu wawili. Ikithibitika kabisa kwamba haiwezekani, basi mwambieni mzee aache kuyaumiza macho yake. Hapo ubavuni pananitosha. Abadilishe neno tu.

Barua hii asionyeshwe. Amerudi sasa hivi kutoka kliniki, yuko sebuleni, na hii ni mara ya tatu ananiita. Naitika.